Nani Atasema "Tugeuze"?

Mama yangu yuko Tanga na ana swali moja ambalo hulirudia kila majira ya baridi yakianza huku Uswisi. "Mwanangu, hivi mnapanda huko juu kufuata nini?" Nimeshajaribu kumjibu mara nyingi. Nikimwambia tunapanda mlima saa nne nzima ili tuteremke kwa dakika ishirini, ananyamaza kidogo, halafu ananiuliza kama nimekula.

Safari hii sijaribu tena kumjibu. Nataka kuzungumzia jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Februari iliyopita, na ambalo nimelikwepa kuliandika kwa sababu halinipambi hata kidogo. Ni refu, kwa hiyo tafuta chai.

Kwanza niwaweke sawa wale ambao theluji wameiona kwenye filamu tu. Skii ziko za namna mbili. Kuna ile ya watalii, unakaa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, unapandishwa juu, unateremka kwenye njia iliyosawazishwa na matrekta. Kule alfajiri kuna wafanyakazi wanaolipua baruti kwenye miteremko mikali ili theluji iliyo tayari kuanguka ianguke kabla watu hawajafika. Halafu kuna ile ya pili. Unabandika ukanda wa manyoya chini ya mbao zako za skii ili zisirudi nyuma, unapanda kwa miguu yako mwenyewe, ukifika kileleni unabandua ukanda, unateremka pasipokuwa na njia. Hakuna aliyekagua. Hakuna bango. Hakuna wa kumlaumu. Mimi ni mgonjwa wa hii ya pili, na sioni dalili ya kupona.

Basi, Februari tulikwenda watano St. Antönien, kijiji kidogo kwenye bonde la Prättigau, jimbo la Graubünden. Ukifika pale utaona nyumba za zamani ambazo upande wa mlimani zimejengewa kabari ya mawe na udongo, na ukitazama juu utaona safu za vizuizi vya chuma zimepangwa kwenye mlima kama uzio wa jitu. Ni kijiji kinachoishi na maporomoko ya theluji tangu enzi na enzi, na hakifichi.

Aliyetutangulia hakuwa mwongozaji mwenye leseni. Ni rafiki tu, mtu wa umri wa baba yangu, ambaye ameteleza kwenye mabonde yale kwa zaidi ya miaka thelathini. Wengine tulikuwa wafanyakazi wenzangu wawili, mimi, na dada mmoja muuguzi ambaye ndiyo kwanza ulikuwa msimu wake wa kwanza. Jioni ya kuamkia safari sote tulisoma taarifa. Hapa Uswisi kuna taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos, inaitwa SLF, ambayo majira ya baridi hutoa taarifa ya hatari kila siku saa 11 jioni na kuirekebisha saa 2 asubuhi. Taarifa ya kwanza ya aina hiyo kwa nchi nzima ilitoka Desemba 1945, kwa hiyo hawa watu wanajua wanachofanya. Siku ile walisema daraja la 3. Miteremko inayotazama magharibi, kaskazini na mashariki, juu ya mita 2,000. Tatizo: tabaka dhaifu ndani ya theluji ya zamani.

Sisi tulikuwa tunakwenda mteremko unaotazama kaskazini, mita 2,300. Tulisoma, tukatikisa vichwa, tukapanga saa ya kuondoka.

Tulipotoka msituni na kuingia kwenye uwanda mpana, ilisikika: VUUM. Siwezi kuueleza mlio ule vizuri. Ni kama mtu kaangusha godoro zito ghorofani, ila ghorofa lenyewe ni wewe umesimama juu yake. Theluji ilishuka chini ya miguu yetu, kidogo sana, kiasi cha unene wa kidole, na ufa mwembamba ukakimbia mbele ya mbao zangu. Tulisimama. Kiongozi wetu aligeuka, akatabasamu, akasema, "Inajipanga tu." Akaendelea kupanda.

Nami nikamfuata.

Hapa ndipo nataka mnielewe. Nilikuwa najua ule mlio una maana gani. Nilishakaa darasani siku mbili nikajifunza. Niliandika kwenye daftari kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mlio wa aina ile, nyufa zinazokimbia, na maporomoko mapya yanayoonekana jirani ni kengele tatu ambazo ukisikia hata moja huna haja ya kutafuta ushahidi mwingine. Nilijua, na nilinyamaza dakika arobaini.

Ngoja niwaeleze kinachotokea chini kule, maana bila hilo mtadhani nakuza mambo.

Theluji haiwi kitu kimoja. Inaanguka kwa awamu, na kila awamu ni tabaka lake, kama mkate wa kumimina uliochomwa mara kumi. Mwanzoni mwa msimu inaanguka theluji kidogo, halafu anga inakuwa nyeupe pee na baridi kali siku nyingi. Ardhi chini ina joto la karibu nyuzi sifuri, hewa juu ni nyuzi kumi na kitu chini ya sifuri. Mvuke unapanda kutoka chini kwenda juu kupitia theluji ile nyembamba, na chembe zinabadilika umbo. Zinakuwa kubwa, zenye kingo, hazishikani. Ukizichota mkononi zinamwagika kama sukari, na kweli watu wa milimani huiita theluji ya sukari. Kisha inakuja dhoruba, inamwaga theluji mpya juu yake, upepo unaisukuma na kuigandamiza inakuwa bamba. Sasa una bamba zito lililolala juu ya sukari, kwenye mteremko.

Linaweza kukaa hivyo wiki kadhaa bila kuanguka. Linasubiri uzito wa ziada. Mtu mmoja anatosha. Anakanyaga mahali ambapo bamba ni jembamba, sukari inavunjika pale chini, na mvunjiko ule unakimbia pembeni na juu kwa kasi ambayo huwezi kuikimbia. Ule VUUM ni mvunjiko wenyewe. Tofauti pekee kati ya mlio ule na maporomoko ni kwamba sisi tulikuwa kwenye uwanda. Bamba lilivunjika, halikuwa na pa kwenda. Kwa hiyo theluji ile haikuwa "inajipanga." Ilikuwa inatueleza kwa sauti kubwa, kabisa bila fumbo, itakachofanya tukifika penye mteremko.

Na mteremko unaohusika ni upi? Bamba huanza kuteleza kwenye mwinamo wa kuanzia nyuzi 30 hivi. Chini ya hapo, ilimradi hakuna mteremko mkali juu yako, unaweza kwenda karibu siku zote. Ramani za Uswisi zinapaka rangi kila mahali panapozidi nyuzi 30, ziko bure kwenye simu, mtoto wa shule anaweza kuzisoma. Kuna mwongozaji mmoja wa Kiswisi, Werner Munter, ambaye aliwaudhi wataalamu wengi alipokuja na hesabu rahisi kabisa: daraja la 2, baki chini ya nyuzi 40, daraja la 3, chini ya 35, daraja la 4, chini ya 30. Walimcheka. Mlima unawezaje kuwekwa kwenye hesabu ya darasa la pili? Mimi naona ukubwa wa Munter ni kwamba aligundua mtu aliyechoka na mwenye hamu hawezi kufanya hesabu ngumu zaidi ya hiyo. Mteremko wetu siku ile, kwenye ramani, ulikuwa kati ya 35 na 40.

Nizungumzie hiyo namba 3, kwa sababu nina ugomvi nayo. Vipimo vya Ulaya vina madaraja matano, vimetumika tangu 1993. Mtu wa kawaida akiona 3 katika 5 anasoma "katikati." Ni kama alama C, si nzuri, si mbaya, umefaulu. Lakini madaraja haya hayapandi kama ngazi za nyumba, kila moja sawa na mwenzake. Yanaruka. Kwenye daraja la 3 mtu mmoja anaweza kuangusha mteremko mzima, na tatizo likiwa ni tabaka dhaifu anaweza hata kuuangusha akiwa mbali, amesimama chini yake. Daraja la 5 halitokei mara nyingi na likitokea barabara zinafungwa na watu wanakaa ndani. Ila daraja la 3 hutangazwa karibu theluthi moja ya siku za msimu, na kwa hesabu za SLF yapata nusu ya vifo vyote hutokea siku za namna hiyo. Jua linawaka, theluji ni mpya, picha zinapendeza. Nani abaki nyumbani kwa ajili ya C?

Na sisi waandishi tuna kesi ya kujibu. Soma habari za maporomoko kwenye magazeti ya huku. "Kifo cheupe." "Mlima umeua." "Mkasa wa asili." Nimeandika mwenyewe sentensi kama hizo, mhariri akanisifu. Lakini karibu asilimia 90 ya wanaonaswa na maporomoko wakiwa kwenye matembezi ya aina hii, yameangushwa na wao wenyewe au mtu wa kundi lao. Mlima haukufanya kitu. Gari likipinduka kwenye kona ya Kitonga hatuandiki "Kona yaua kumi," tunauliza dereva alikuwa mwendo gani. Kwa nini kwenye theluji tunamsamehe kila mtu mapema hivyo?

Zamani maneno yale yalikuwa na haki yake. Majira ya baridi ya 1950 na 1951 maporomoko yaliua watu 98 hapa Uswisi, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba zao. Wamelala. Hapo ni kweli, mlima uliua. Baada ya hapo nchi iliamka: misitu ya kinga ikatunzwa, vizuizi vya chuma vikajengwa, ramani zikachorwa za wapi usijenge kabisa. Februari 1999 theluji nyingi mno ilipoanguka tena Uswisi ilipoteza watu 17 na jirani zao Austria walipoteza 38 kwenye bonde moja, Galtür na Valzur, lakini ukilinganisha na wingi wa wakazi na watalii wa siku hizo utaona kazi ile haikupotea bure. Mwaka 2018 UNESCO iliyaingiza maarifa ya Waswisi na Waaustria ya kukabili maporomoko kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Pale Davos, Frauenkirch, kuna kanisa ambalo ukuta wake wa mlimani umechongoka kama omo ya jahazi. Maporomoko yalilipiga mwanzoni mwa karne ya 17, wakalijenga upya likiwa limeelekeza omo kwenye mlima ili theluji ipasuke kulia na kushoto. Mtoto wa pwani kama mimi nilisimama mbele ya ukuta ule nikacheka peke yangu. Jahazi, mita 1,500 juu ya bahari, limekaa tayari kwa wimbi.

Kwa hiyo walioko nyumbani wamelindwa. Wanaokufa leo ni wale waliotoka nyumbani kwa hiari yao, wamesoma taarifa, wamevaa vizuri.

Vifaa? Tulikuwa navyo vyote. Kila mmoja wetu alikuwa na redio ndogo kifuani inayorusha mawimbi ya kilohezi 457, ambayo ukifukiwa wenzako wanabadili zao kuwa za kutafuta na kufuata mishale mpaka ulipo. Kila mmoja alikuwa na fito ndefu inayokunjika ya kuchomea theluji, na beleshi. (Na simu weka mbali na redio hiyo, angalau sentimita 20 ukipanda na 50 ukitafuta, au izime, maana inavuruga mawimbi. Nimeona watu wanabeba zote mbili mfuko mmoja.) Vifaa hivi vinaokoa watu, sibishi. Lakini jaribu kuhesabu nami. Utafiti maarufu wa 1994 ulionyesha kwamba aliyefukiwa ana nafasi zaidi ya asilimia 90 ya kutoka hai akichimbuliwa ndani ya dakika 15, na kwamba zikifika 35 imebaki kama asilimia 30. Utafiti mpya wa 2024 umekuwa mkali zaidi, unasema dirisha lile zuri ni dakika 10 tu. Theluji ikishasimama inagandamana kama zege, huwezi kusogeza hata kidole, na unavuta tena pumzi uliyoitoa. Helikopta ya uokoaji hapa ni nzuri kuliko karibu popote duniani, unapiga 1414, lakini bado inatakiwa iruke, ikuone, itue. Anayekuokoa ni aliye jirani yako. Na wengine wanakufa kabla hata ya kukosa hewa, kwa kugongwa na miti na miamba, na hapo redio inasaidia kuupata mwili tu.

Februari 2012 Mwanamfalme Friso wa Uholanzi alinaswa pale Lech, Austria. Daraja lilikuwa la 4. Redio alikuwa nayo, na alikuwa ameongozana na rafiki mwenyeji wa pale pale anayeijua milima ile. Alifukiwa takriban dakika 25. Hakuzinduka vizuri, na alifariki Agosti 2013.

Wiki hiyo hiyo, ng'ambo ya bahari, Februari 19, watu 16 walitoka nje ya eneo la watalii la Stevens Pass, jimbo la Washington, Marekani, wakateremka mahali panapoitwa Tunnel Creek. Walikuwa wataalamu watupu: wanaskii wa kulipwa, waandishi wa majarida ya skii, wenyeji waliokulia pale. Watatu walikufa. Ninyi mliosoma uandishi wa habari mnaijua kesi hii, ndiyo iliyozaa makala ya Snow Fall ya The New York Times iliyompa John Branch tuzo ya Pulitzer mwaka 2013, na ambayo kila chumba cha habari kilijaribu kuiiga kwa picha zinazotembea. Watu wanaikumbuka kwa picha. Mimi ninachokikumbuka ni kwamba baadhi ya wale watu baadaye walisimulia kwamba walikuwa na wasiwasi. Waliona kundi ni kubwa mno. Waliona theluji ni nyingi mno. Hakuna aliyesema. Kila mmoja aliwatazama wenzake kumi na tano mahiri, akajiambia kama kungekuwa na tatizo wangesema wao.

Mtafiti mmoja wa Kimarekani, Ian McCammon, alikusanya ajali 715 zilizotokea Marekani na kuuliza swali ambalo mama yangu angeliuliza: hawa watu walikuwa hawajui? Akakuta wengi walikuwa wamejifunza, na dalili za hatari zilikuwa wazi mbele ya macho yao. Kilichowaangusha kilikuwa ni mambo ya kibinadamu kabisa. Mahali wanapopajua. Safari waliyoipania. Mtu wanayemwona bingwa, hata kama ubingwa wake ni wa kusema kwa kujiamini. Kutaka kuonekana. Kundi lingine linalopanda upande wa pili, usije ukaachwa nyuma.

Niliposoma orodha hiyo mara ya kwanza nilicheka Wazungu. Halafu Februari nikajikuta nimeijaza fomu yote, na nikaongeza vipengele viwili vya kwangu.

Cha kwanza ni malezi. Mimi nimelelewa kwamba mtu wa makamo ya baba yako humkosoi mbele za watu. Unamwita pembeni, unazunguka, unaanza na salamu, unamwachia mlango wa kutokea. Ni adabu nzuri na ninaipenda. Kwenye mteremko wa nyuzi 37 hakuna pembeni pa kumwitia mtu.

Cha pili kinaniuma zaidi. Mimi ndiye Mweusi pekee kwenye kundi lile, na mara nyingi ndiye pekee kwenye mlima mzima. Nilijua nikisema "tugeuze" watasikia "Mwafrika anaogopa theluji." Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, nasema kweli. Nilikuwa nimejiambia mwenyewe. Nilikuwa tayari kukanyaga bamba lile ili nisionekane mgeni. Andika hiyo kwenye kaburi la mtu uone inavyosomeka.

Ndiyo sababu nasema, na nasimama hapo: kundi ambalo mtu wake wa mwisho hawezi kusema "hapana" bila kutoa sababu halifai kutoka nje ya nyumba, hata likiwa na redio kumi na mabingwa wanane. Najua kuna watakaosema huko ni kuwapa waoga usukani, na kwamba uzoefu lazima uwe na uzito. Uwe nao katika kuchagua njia. Katika kugeuza, hapana. Kama mwenye uzoefu anataka kurudi na mgeni anataka kuendelea, tunarudi. Kama mgeni anataka kurudi na mwenye uzoefu anataka kuendelea, tunarudi. Hasara ya kukosea upande huo ni kileleni hukufika. Na msinitolee mfano wa demokrasia, hatupigi kura. Kura ya walio wengi ndiyo iliyowapeleka watu 16 Tunnel Creek.

Kumbukeni na nyumbani. Ni mara ngapi umekaa kwenye basi la Arusha, dereva anapita lori kwenye kona, watu sitini wamekaza mikono kwenye viti na hakuna anayefungua mdomo? Kisha bibi mmoja nyuma anapiga kelele na wote mnaanza kusema "kweli, dereva, punguza." Mlikuwa wapi?

Kwetu siku ile, bibi alikuwa yule muuguzi. Tulifika chini ya mteremko wa mwisho. Kiongozi wetu akasema tutapanda mmoja mmoja, kwa kuachiana nafasi, ambayo ni kanuni nzuri kwa mteremko ulioamua kuupanda. Dada akatoa mbao zake miguuni, akazichomeka kwenye theluji.

"Mimi naishia hapa," akasema.

"Umechoka?"

"Hapana. Ule mlio sikuupenda."

Basi. Hakutaja tabaka, hakutaja nyuzi, hajui kitu kuhusu Munter. Palikuwa kimya muda ambao ulikuwa mrefu kwangu kuliko saa zote tulizopanda. Kiongozi wetu alitazama juu, akatazama saa. Nikafungua mdomo wangu hatimaye, nikasema na mimi narudi, kwa sauti ya mtu anayetoa msaada, kana kwamba namsindikiza. Hata hapo sikuwa mkweli. Yule mzee akasema, "Haya," akaanza kubandua manyoya. Tuliteremka kwa njia ya chini, theluji ilikuwa mbovu, tukala mikate yetu kwenye gari bila mazungumzo mengi.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Kesho yake kundi jingine lilipanda mteremko ule ule. Saba. Likateremka, likaacha mistari saba mizuri kama imechorwa kwa rula. Hakuna kilichoanguka. Kiongozi wetu aliipata picha hiyo mahali na akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp bila neno hata moja.

Nilikaa na ile picha jioni nzima. Ndiyo ubaya wa theluji kama mwalimu. Ukikosea, mara nyingi haikuadhibu. Unapanda mteremko mbovu mara hamsini, unarudi nyumbani mara hamsini, na kila mara unajisikia bingwa zaidi. Miaka yake thelathini inaweza kuwa miaka thelathini ya ujuzi. Inaweza pia kuwa miaka thelathini ya bahati ambayo hakuna aliyeihesabu, na hata yeye hawezi kujua ni ipi. Wale saba huenda walikanyaga mahali bamba lilipokuwa nene. Huenda njia yetu ingepita mita nne kushoto. Sisi tuliogeuza hatutapata kamwe karatasi ya majibu, na nadhani inabidi tuzoee kuishi hivyo.

Nilimjibu kwenye kundi: "Picha nzuri. Ningegeuza tena." Nilifuta mara tatu kabla ya kutuma. Hakujibu.

Wiki mbili baadaye tulikutana tena, maegesho ya magari, bonde jingine, daraja la 2. Tulipanga mstari kukagua redio kama kawaida, mmoja mmoja anapita, tunasikiliza mlio. Tulipomaliza, yule mzee hakuanza kutembea. Alimgeukia muuguzi, akamuuliza yeye kwanza, "Unaonaje?" Dada akacheka, akasema hajui bado, twende mpaka msitu unapoishia ndipo atasema. Tukaenda. Hakuna aliyelizungumzia tena lile la Februari, na mimi bado sijamwambia yule mzee kwamba siku ile nilijua.

Labda atasoma hapa kwa kutumia ile mashine ya tafsiri. Kama umefika hapa, mzee wangu, shikamoo. Nilijua.

Theluji ya kwanza ya msimu huu imeanguka wiki mbili zilizopita, kama sentimita ishirini hivi. Tangu hapo hakujaongezeka kitu, anga ni safi, na usiku baridi inafika nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Jana nilipanda kidogo nyuma ya nyumba, nikachota ya kivulini mkononi. Imeshaanza kumwagika.